Mteja wa Kwanza

Dereva wa tingatinga aliingia wakati Hafidha akifagia duka lake tupu.

"Shikamoo mama. Tunaanza kubomoa upande huu."

"Marahaba. Karibu mwanangu, nifungulie biashara."

Maneno yalimtoka yenyewe. Ndivyo alivyompokea kila mteja wa kwanza wa asubuhi tangu alipoolewa, na huyo haachwi aondoke mikono mitupu, hata akitaka sindano moja. Lakini rafu zilishang'olewa, na nyuzi na zipu zote zilishapelekwa kwa dada yake, huko Mkuyuni. Nje, kwenye bango la mradi, fremu zote za maduka ya mtaa zilikuwa zimegeuka ghorofa la kupangisha. Duka halikuchorwa hata moja.

Dereva alisimama tu, kama aliyesahau alichofuata.

Kwenye ufa wa sakafu palikuwa na kifungo cha shati, cheupe, chenye matundu manne. Hafidha alikichokonoa kwa ukucha, akakipuliza vumbi, akakifuta kwa ncha ya mtandio.

"Shilingi ngapi, mama?"

Akamtajia bei ya siku zote.

Dereva alilipa, akakitia kifungo mfukoni, akamsubiri atoke, kisha akapanda kwenye mtambo wake na kuuwasha.

"Karibu tena," Hafidha akamwambia.