Kisigino cha Kandambili

Mama Lori alikuja gereji na jibu la posa ya fundi mdomoni: binti yangu humpati ng'o. Ila kwanza fundi amalize kumfungia taa za ziada kwenye lori.

Fundi alipitisha waya kwenye tundu la bati, akasita, akauchomoa. Akavua kandambili, akakata kisigino, akakitoboa na kukipachika tunduni. Ndipo akaurudisha waya katikati ya mpira.

"Unaharibu kiatu kwa kitu kisichoonekana?"

"Bati lina makali, mama. Litaukwangua waya polepole, siku moja lori liungue nawe ndani."

Mafundi wote waliowahi kulishika lori lile walipitisha waya hivihivi tu. Mama Lori aliutazama mguu wa fundi, kisigino kitupu kikikanyaga oili sakafuni.

"Haya, mkwe," alisema. "Washa."