Yai Sikioni

Saa kumi na mbili asubuhi, mashine ya kutotolesha vifaranga ilikuwa inanguruma. Mlinzi alikuwa amemruhusu mwanamke aliyewahi kufanya kazi naye aingie kuaga, kwani jioni angepanda ndege asirudi tena.

Mkono wa mwanamke huyo ulikuwa kwenye swichi ya mashine. Angeizima, mayai yote yangekufa.

Hapa ndipo mimba yake ilipoharibika, akiinua trei za mayai. Alipoomba apumzike, bosi alicheka: "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Mwanamke alitoa yai moja mashineni, akaliweka sikioni. Kifaranga alikuwa analia ndani ya ganda.

Bosi akapita, simu mkononi. "Dada, kama ni kazi, nafasi hakuna."

"Hunikumbuki, bosi?"

"Wanapita wengi hapa, dada yangu." Akaenda zake.

Alilirudisha yai taratibu, kama anayelaza mtoto. Kisha akazima swichi.