Mfunga Mlango wa Baraza

Katika jimbo moja la ndege, baraza lilikuwa la yangeyange watupu, weupe kuanzia mwenyekiti hadi mjumbe wa mwisho. Ndege weusi walipopata haki ya kura, walimchagua Mnandi, aliyejulikana kwa kutokuwa na haraka.

"Karibu, Mheshimiwa," alisema Mwenyekiti. "Desturi yetu ni hii: mjumbe mpya ndiye mfunga mlango. Mwingine yeyote haruhusiwi kuugusa."

Mnandi alishukuru, akaketi pale mlangoni.

"Haya. Leo tunawahamisha weusi kutoka ufukwe wenye samaki. Mheshimiwa, funga mlango."

"Nitafunga," Mnandi alijibu, wala hakuinuka.

"Lini?"

"Desturi imesema ni nani afunge. Haikusema afunge lini."

Yangeyange walitazamana. Desturi waliitunga wenyewe, na sasa wangeivunjaje hadharani? Maana huko nje ndege wa kila rangi walikuwa wameshasogea, shingo wamezinyoosha, wanasikiliza. Mwenyekiti alikohoa, akasema ajenda imeahirishwa. Haikuletwa tena.

Uchaguzi uliofuata ulimleta Mumbi, ndege mweusi kijana mwenye sauti nzito. Mnandi alihamia kiti cha mbele, akamwachia kile cha mlangoni.

"Shikamoo, mama," Mumbi alimnong'oneza walipopishana. "Mlango huu nitaufunga saa ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Waulize walio nje."