Chujio la Bi Mwanakheri

Tangu mjukuu wake alazwe kwa homa ya matumbo, Bi Mwanakheri hakumpa tena mtoto huyo hata tone la maji. Maji yaliyomtia maradhi yalitoka kwenye mtungi wake, na ingawa hakuna aliyemlaumu, mwenyewe alijua.

Ndiyo maana alishangaa mkwewe Zamda, mama wa mtoto, alipomwambia, "Mama, vaa twende tukanunue chujio. Utachagua wewe."

"Mimi najua nini, mwanangu?"

"Unajua maji."

Dukani muuzaji aliwaonyesha la umeme lenye taa za buluu, kisha la plastiki, kisha la chungu cha udongo kilichokaa ndani ya ndoo yenye bomba. Bi Mwanakheri akaomba kuonja maji ya kila moja. Ya kwanza alisema yamepooza. Ya pili yalinuka mpira. Ya tatu aliyaweka mdomoni, akafumba macho.

"Haya ndiyo. Lakini yanakuwa safi kweli?" Aliuliza mara tatu, na muuzaji akamjibu mara tatu bila kuchoka.

Nyumbani walisubiri hadi alasiri maji yachujike. Zamda akajaza kikombe, mtoto akanyoosha mikono, lakini mama yake akampita, akamkabidhi bibi.

"Mpe wewe, mama."

Bi Mwanakheri akachuchumaa. Mtoto akakishika kikombe kwa mikono miwili, juu ya vidole vya bibi yake, akaanza kunywa.