Gobori la Kwenda Mahakamani

Nyumba ya nyigu ilikataa kutoka. Mama Dobi alisukuma waya ndani ya mtutu, akazungusha, akavuta, na udongo mkavu ukamwagika kwenye karai. Akashika kiuno, akapumua, akaanza tena. Alikuwa amechoka mpaka kwenye kucha.

"Wifi, hilo dude litakuua kabla halijamuua mtu," alisema dada wa marehemu mumewe, aliyesimama mlangoni. Papo hapo akajiziba mdomo. Ndani ya nyumba ile, siku hizi, hakuna aliyetania habari za kuua.

Mlinzi wa ghala la mbao alikuwa amepigwa risasi akafa. Shahidi mmoja aliapa kwamba alimwona mtoto wa Mama Dobi akikimbia na gobori la babu yake. Polisi walikuja wakachana magodoro, wakapindua pipa la sabuni, wakalikosa hilo gobori, wakasema basi kijana amelificha. Sasa kijana alikuwa mahabusu, na kesi ya mauaji si ya mchezo. Akifungwa, mama yake hangeishi kumwona akitoka.

Kumbe gobori lilikuwa darini muda wote, nyuma ya mbao za kitanda kibovu, pale pale marehemu mumewe alipolisukumia kabla mtoto hajaanza shule. Mama Dobi alipolikumbuka alimpigia wakili simu. Wakili nusura aimbe.

"Mama, lisitoke hapo nyumbani, na usimpe mtu! Jumatatu nakuja kulichukua mbele ya askari. Hilo ndilo litakalomtoa mwanao!"

Hapo akaitwa ndani ya mahakama, simu ikakatika.

"Litamtoaje?" wifi aliuliza sasa, akivuta kigoda.

"Mimi ni wakili? Labda wanataka kupima tundu. Labda risasi iliyomuua yule mlinzi haiingii humu." Mama Dobi alipuliza vumbi. "Sasa watapima nini tundu likiwa limejaa nyigu?"

Wifi aliona kweli, akachukua kitambaa.

Gobori lilikuwa katika hali ya kusikitisha. Mdeki, ule ufito wa chuma wa kushindilia baruti, ulikuwa umegandia chini ya mtutu. Nyundo ya kugongea fataki ilikuwa imeshikana na mtambo wake kwa kutu, ikawa pande moja la chuma jekundu. Kitako kilikuwa cheusi kwa moshi na mavi ya popo. Mama Dobi alilifungua kipande kimoja kimoja, akatumbukiza vyuma kwenye mafuta ya taa, akawa anafua nguo za watu huku vikilowa. Akimaliza kuanika, alirudi kwenye chuma. Vidole vilikuwa vimechunika kwa sabuni, na mafuta ya taa yalimuuma mpaka machozi yakamtoka. Alilia kidogo, maana alipata kisingizio.

"Wasije wakasema unafuta ushahidi," wifi alisema.

"Ushahidi gani? Unaona damu hapa? Ningeona damu ningekaa nayo nilie. Hapa kuna uchafu tu."

"Basi si ungeuacha, wifi. Umechoka. Hujala tangu asubuhi."

Mama Dobi aliweka msasa chini. Kwa miaka yote ya kufua alikuwa amewanyooshea nguo watu wa kwenda kuomba kazi, kwenda kuposa, kwenda kusomewa hukumu, na jambo moja alikuwa na uhakika nalo.

"Mtu akifika na doa, wanaanza kuliangalia doa," alisema. "Mwanangu wameshamwona mchafu. Nako nyumbani kwake kitoke kitu kimeoza hivi, kinanuka popo? Hakimu atasema hao ndio watu wenyewe. Hakijatoka kitu kichafu mikononi mwangu, wifi, na hiki hakitakuwa cha kwanza."

Jumamosi nyundo ilikubali. Ilisogea kidogo, ikalia kwa uchungu, halafu ikaenda mpaka mwisho na kurudi. Wale wawili walikumbatiana kama walioshinda bahati nasibu. Jumapili mtutu ulipitisha mwanga toka mwanzo hadi mwisho. Mama Dobi alipaka kitako mafuta, akalifunga gobori lote katika shuka jeupe alilolipiga pasi, akalala na nguo zake za kutwa.

Jumatatu wakili alifika na askari wawili, pamoja na mzee wa miwani aliyebeba mkoba. Majirani walijipanga ukutani kujifanya wana shughuli.

"Mama, huyu mzee ni mtaalamu wa silaha wa mahakama," wakili alisema, uso umemng'aa. "Nimemwomba alione gobori hapa hapa, askari wakishuhudia, wasije wakasema tumelichezea. Kitu kilichooza darini miaka yote hii hakiwezi kulia, na yeye mwenyewe atasema hivyo mbele ya hakimu. Lete tumalize."

Mama Dobi alilileta mikononi kama mtoto mchanga, akafunua shuka.

Mzee wa miwani alilipokea. Akachungulia mtutu. Akavuta nyundo kwa kidole gumba, akabonyeza kifyatulio, na nyundo ikagonga mara moja, safi, bila kusita.

"Linafanya kazi vizuri kabisa," alisema. Askari mmoja akaandika.

Wakili alishika nguzo ya kibaraza. "Mama," aliuliza kwa sauti ndogo, "kutu iko wapi?"

"Nimeitoa yote, mwanangu," alijibu Mama Dobi, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu kijana wake akamatwe. "Hata chembe hawataiona."