Mama Anataka Kupanda

Sheria inataka kila nyumba yenye mgonjwa anayetibiwa kwa kirusi ipeleke ngazi yake kwa balozi wa nyumba kumi. Sisi tuliipeleka siku ileile mama alipodungwa sindano ya kirusi ya kutibu maumivu ya viungo.

Muuguzi alitueleza kwamba kirusi hicho kilitoka kwa viwavi, na huwasha jeni zake kwa zamu. Zamu ya kwanza huuteka mwili. Ya pili hutengeneza dawa. Ya tatu humfanya kiwavi apande hadi ncha ya bua la mahindi, afie huko.

"Hiyo ya tatu tumeizima," alisema. "Ila kwa wachache hujiwasha."

Miaka miwili mama alilima bila maumivu. Asubuhi moja, mvua za kwanza zimeshanyesha, akaniambia, "Tusajigwe, nataka kupanda."

Nilifurahi. "Ngoja nikuchambulie mbegu, mama."

Niliporudi na bakuli la mbegu, jembe lilikuwa palepale ukutani. Kandambili zake zilikuwa chini ya mkaratusi. Mwenyewe alikuwa kileleni, ametulia, akilitazama jua.

"Mama, shuka!"

"Si nilikuaga, mwanangu?"

Ngazi ilikuwa kwa balozi, ng'ambo ya bonde.