Waume Walio Safarini

Florentine alifika nyumbani Butembo na tope jekundu la Luofu kwenye pindo la kikwembe chake. Akamkuta mwenye nyumba amekwisha kukaa mlangoni pake, juu ya kiti cha Florentine mwenyewe.

“Mama Bénie, karibu,” Mzee Kamate akasema, kana kwamba mgeni ni yeye Florentine. “Mugonjwa wa kule je?”

“Iko tu, papa.”

Alikuwa ameaga kwamba anakwenda Luofu kumtazama mama mkwe wake mgonjwa. Akaweka kifurushi chini, akabaki amesimama.

Redio ya jirani ilikuwa ikiwaka, na ndani yake watu walikuwa wakibishana. Mmoja alitaka mji upunguze garanti, ile pesa anayoweka mpangaji kabla ya kuingia nyumba, maana waliokimbia vita upande wa Beni wanalala makanisani. Mwingine alijibu kwamba serikali haikumbebea mtu hata tofali moja.

“Huyo ndiye anasema kweli,” Kamate akasema. “Bapunguze garanti, sawa. Mais basinichagulie mupangaji. Garanti ikiwa kidogo, mimi nitaangalia mutu vizuri zaidi. Nataka nyumba yenye bwana. Salomon iko wapi?”

“Kyavinyonge. Alifwata samaki.”

“Tangu lini?”

“Barabara ni mbaya, papa.”

Safi, jirani wa chumba cha pili, akatoka akijifuta mikono. “Papa Kamate, unatafuta banaume namna hii, unataka kuolewa?”

Mzee akacheka kidogo. “Wewe nyamaza. Issaka wako mwenyewe, mara ya mwisho nilimuona lini?”

“Uulize patron, yule anamuendeshea lori. Lori inaozea njia ya Kisangani, na réseau ya simu kule ni ya Mungu. Mais loyer yako ya kila mwezi unaipata, ama hapana?”

“Ninaipata.”

Kisha akanyoosha kidole kwenye chumba cha pembeni, ambacho mlango wake ulikuwa umepakwa rangi mpya. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Phinées, mpangaji wa chumba hicho, alipofariki, kilio kilijaza mtaa mzima. Watu walileta kuni, moto ukawaka uani mpaka matanga yakaisha. Juma lililofuata mke wake alipita hapo langoni na godoro kichwani.

“Sikumufukuza kwa ubaya,” Kamate akasema. “Lakini mujane, hapana. Leo ni yeye peke yake, kesho ni bandugu ya kijiji nzima, kesho kutwa ni machozi kwa mulango wangu. Donc Salomon akirudi, aje tuongee contrat mupya ya nyumba, mwanaume na mwanaume.”

“Nitamwambia,” Florentine akasema.

Sauti yake ilitoka kama ya siku zote. Aliisikiliza kama sauti ya mtu mwingine.

Mzee aliinuka, akaenda polepole, akasimama langoni kuongea na mpita njia. Alikuwa na maneno mengi. Florentine akaingia ndani na kukaa kitandani, ndara bado miguuni. Alitazama ukuta. Alijaribu kukumbuka kama Bénie ameshakula, halafu akasahau alichokuwa akikikumbuka.

Safi akaingia bila kubisha. Aliliangalia lile tope la pindoni. Akainama, akafungua kifurushi kidogo, akaona viatu vya Salomon, akakifunga tena.

Alitoka, akarudi amekumbatia kinu chake kikubwa, akakisimamisha kwenye kizingiti na kukijaza sombe, majani mabichi ya muhogo. Nje, sauti ya Kamate bado ilisikika langoni.

Safi akauinua mchi.

“Lia sasa, mama,” akanong'ona. “Nikitwanga hakuna anayesikia. Mimi Issaka nilimulilia hivi hivi.”